Jina la Mpambe

Katika mji wa Ngazini hata kunawa uso ni kazi ya watu wawili, na asubuhi hiyo mmoja wao alikuwa bado anakoroma.

"Shemeji!" Barke aliita, kiganja chake kimebandikwa kwenye bamba la mfereji, uso wote povu. "Shemeji Hamdani, amka! Sabuni inaniingia machoni!"

Jikoni kulisikika sinia likianguka, kisha Hamdani akatokea akijikwaa kwenye kizingiti, unga umemkaa kwenye nyusi. Alikuwa mwoka mikate. Alishatoa mikate ya mofa ya alfajiri, akajilaza kidogo kwenye mkeka wake kando ya tanuri. Akaweka kiganja karibu na cha Barke. Bamba likavuma, likaisikiliza mioyo miwili kupitia vikuku viwili vyeusi walivyovaa mikononi, likaridhika kwamba Hamdani bin Sefu na mkewe Thureya binti Salmini wamo nyumbani kwa amani, na maji yakatoka. Yalijaza ndoo moja, yakakatika.

"Nisamehe, Thureya," alisema Hamdani akipiga miayo.

Barke aliacha kunawa. "Nani?"

"Barke. Nisamehe, Barke. Barabarani nakuita vile kutwa, ulimi umeshazoea."

"Basi uzoeze vingine. Mfereji haunijui, duka la unga halinijui, lango la mtaa halinijui. Mji mzima nimebakiwa na watu wanne wanaolijua jina langu, na wawili kati yao ndio walionitia katika balaa hili!"

Alisema kwa ukali kuliko alivyokusudia, maana Hamdani wa watu hakuwa na kosa. Alikuwa ameoa mke mchana, na kabla hata pilau halijapoa akagundua kwamba mke hayupo na aliyekaa chini ya shela ni ndugu wa mke. Mwanamume mwingine angepiga makelele mpaka Idarani. Yeye alikaa kimya, akanywa chai, akauhamishia mkeka wake jikoni. Lakini mtu mwenye hasira humalizia kwa aliye karibu, na wahusika wenyewe hawakuwa karibu.

Afadhali jambo hili lielezwe lilivyokuwa, kwa sababu mitaani linasimuliwa vingine kabisa. Waulize wasichana wa Ngazini watakwambia habari ya mapenzi. Watakwambia kuna kijana wa Bondeni aitwaye Mwamba, asiyevaa kikuku, aliyeupanda mlima mzima kwa mikono yake kumfuata msichana mmoja wa huku juu, na msichana akavua kikuku chake akamfuata. Jina la msichana hawalijui. Wameichora mikono miwili mitupu iliyoshikana kwenye kila ukuta unaokubali chaki, na wakiipita wanashusha pumzi. Katika habari hiyo Barke hayumo. Akitiwa siku moja, atatiwa pale mlangoni, kashika mkoba wa bibi harusi.

Na kweli alikuwa kashika mkoba. Alikuwa mpambe.

Ngazini imechongwa ubavuni mwa mlima, daraja juu ya daraja, na maji yake yote hukingwa kutoka kwenye ukungu kwa nyavu kubwa zilizotandazwa kileleni. Maji hayo ni machache. Idara ya Mapigo iliamua zamani kwamba yagawiwe kwa jozi, mume na mke, kwa sababu watu wa jozi hutulia, huzaa, wala hawateremki Bondeni kutafuta mto. Kila anayetimiza umri huvishwa kikuku, siku ya harusi yake au ya kuingia shule ya kazi, nacho hujifunza mapigo ya moyo wake. Kikishayajua hakidanganyiki kwa sura wala kwa sauti. Moyo ukishaandikwa kwa jina moja haukubaliki kwa jina jingine, mpaka mwenyewe asimame mbele ya Msajili aufungue kwa mdomo wake.

Mafundi wa Idara walifikiria kila hila. Walifikiria wezi, wafu, mapacha. Kitu kimoja hawakukifikiria, kwa kuwa walikuwa wanaume na hawakuwahi kukaa katika chumba cha bibi harusi: hina. Bibi harusi wa Ngazini hupakwa hina mpaka kwenye viwiko, na hakuna shangazi atakayekubali ua lililochorwa tangu asubuhi livurugwe na kipande cha chuma. Kikuku kikiletwa kutoka Idarani, mpambe hukivaa yeye kwa muda, hina ikauke. Imekuwa hivyo miaka yote, na vikuku vya zamani, vilivyoanza kujifunza vikishafungwa kwa ufunguo baada ya sherehe, havikujali. Vya mwaka huu vilikuwa vya aina mpya. Hivi vilijifunza moyo wa kwanza kukaa navyo tangu alasiri mpaka magharibi.

Siku ile Thureya, binti wa mama yake mdogo Barke, aliomba apakwe hina mara ya pili. Akasema ya kwanza haikukolea.

Magharibi ilipoingia bibi harusi alikuwa keshatoka kwa mlango wa uani, na mpambe alikuwa na mkono usiotaka kuachana na kikuku. Kabla aibu haijatoka chumbani, mama yake akamfunika shela la bibi harusi. Wiki iliyofuata Barke alikwenda kuchukua kikuku chake mwenyewe, kile cha Shule ya Nyavu inayofundisha kutunza nyavu za kileleni, shule aliyoililia tangu utotoni na ambayo mtihani wake alikuwa ameupita. Alikificha cha Thureya ndani ya mkono wa buibui, akaweka kiganja kwenye mashine. Mashine ikawasha taa nyekundu: moyo huu una jina tayari. Akamwambia karani kwamba atarudi kesho, akatoka mbio.

"Kesho mwezi unaandama," alisema Hamdani sasa, akichota maji kwa kata. Alikuwa na tabia ya kusema mambo mazito huku akifanya mepesi.

"Najua."

"Ukitaka twende Idarani leo, tutakwenda. Mimi nitanyang'anywa tanuri, lakini mikono yangu hawatainyang'anya."

"Tuliahidi kuwapa nafasi wateremke."

"Tuliahidi. Ukungu ulipokuwa mzito tuliahidi." Akafunga mikate minne kwenye kitambaa, akaisukuma mezani. "Kawapelekee. Ila waambie unga umepanda bei. Mke wangu na bwana wake wanakula mikate yangu, Barke, halafu juzi wakaniletea salamu kwamba haina chumvi!"

* * *

Alijifunika uso kabla ya kutoka. Bibi harusi mpya hafunui uso barabarani mpaka apate mtoto, na kwa mara ya kwanza Barke aliushukuru ushamba huo. Kwenye birika la kufulia wasichana walikuwa wamesimama mbele ya ile michoro ya mikono, ndoo zimewekwa chini.

"Mimi nikimpata wa kunipenda vile, hata kesho nakivua," mmoja alisema.

"Hata leo," mwingine akadakia.

Barke aliwapita akiuma meno.

Mama yake, Bi Shemsa, alikuwa ameketi sebuleni na sindano. Alikuwa anashona kitambaa cheupe kidogo, ukubwa wa leso, na juu yake alikuwa amefika kwenye herufi ya mwisho. Barke alifunua uso, akasimama akiangalia jina lake mwenyewe kwa uzi mweusi.

"Mama. Unashona sanda yangu?"

"Ya jina," alisema Bi Shemsa bila kuinua macho. "Nisiposhona watu watashangaa. Nimeshasema uliteleza kwenye ukungu ukichuma mboga. Majirani wamelia hapa, nimewapikia uji. Sasa nifanyeje?"

Mwezi unapoandama, Idara huzika majina. Kila aliyetimiza umri na moyo wake haujasikika, husomwa uwanjani. Msajili huuliza mara tatu kama jina hilo lina moyo. Aliye karibu zaidi na mwenye jina hujibu kwamba limekwenda, kitambaa kinatiwa shimoni, na jina lililozikwa halifukuliwi tena. Mwenye jina akijitokeza kesho yake, mji unamtazama tu.

"Utajibu?" Barke aliuliza.

"Jina ni jina tu, mwanangu. Wewe utakuwepo. Una nyumba, una maji, una mume..."

"Ni shemeji yangu!"

"Ni mtu mwema. Wangapi wamepata kama Hamdani? Thureya wakimkamata watamfunga kikuku kisichofunguka, kinachojua mlango mmoja tu. Umemwona yule mke wa mpima maji wa daraja la chini, anavyokaa dirishani. Unataka nduguyo awe vile? Mwachie, Barke. Yeye hana mama."

Hapo Barke alitaka kucheka, lakini kilichotoka si kicheko. Mwachie mwenzio, hana mama. Alikuwa amelisikia neno hilo tangu Thureya alipoletwa nyumbani akiwa na miaka minne, mama yake kaanguka kwenye njia ya kuteremkia Bondeni, maiti isionekane. Mwachie kitanda cha dirishani. Mwachie paja la kuku. Mwachie gauni la sikukuu, wewe litakubana. Barke aliacha, na hakuacha kwa chuki. Alimpenda Thureya. Usiku walilala mgongo kwa mgongo, na Thureya alipoota njia ile, ni Barke aliyemwamsha. Lakini mtu huchoka kuwa yule mwenye vya kuachia.

"Kitanda nilimwachia, mama. Sasa nimefika mwisho. Baada ya jina sina kingine."

Bi Shemsa alikata uzi kwa meno. 

"Kesho usijibu," Barke alisema. "Sikuombi uniteue mimi. Nakuomba ukae kimya tu."

 Mama yake aliukunja ule mraba mweupe vizuri, akausawazisha juu ya goti lake.

* * *

Nyuma ya birika la kufulia kuna kinu cha zamani ambacho hakijasaga kitu tangu mababu. Humo ndimo yalimokuwa yale mapenzi makubwa yanayochorwa kutani. Mwamba alikuwa amejilaza juu ya magunia akiwa na mafua, shuka limemfika kidevuni.

"Dada yetu," alisema kwa sauti iliyoziba pua. "Umekuja."

"Nimekuja kama nilivyokuja jana. Kaa, ule." Barke aliitua mikate. "Ukungu umetoka tangu Ijumaa iliyopita. Njia inaonekana mpaka chini, hata mbuzi wanaipita. Mnangoja nini?"

Thureya alitoka nyuma ya jiwe la kinu akiwa na chanuo la mbao nyweleni. Hina ya harusi ilikuwa imeanza kufifia vidoleni mwake. Alimkumbatia Barke, naye Barke, pamoja na hasira zake zote, alimkumbatia pia. Mkono haukumuuliza.

"Tunangoja Mwamba apone," alisema Thureya. "Halafu wenzake watatuma ishara. Halafu tutakwenda, da Barke, nakuapia."

"Wiki iliyopita ilikuwa kiatu. Kabla ya kiatu ilikuwa mvua."

"Mambo makubwa hayaharakishwi," Mwamba alidakia, akaketi. Alikuwa kijana mzuri, hilo halina ubishi, na alikuwa na namna ya kutazama mbali hata akiwa anatazama ukuta. "Unadhani tunakaa bure? Siku moja mji huu wote utavua vikuku. Historia itakukumbuka, dada."

"Kwa jina gani?" aliuliza Barke.

Mwamba alipangusa pua kwa shuka. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu asiyeweza kuuacha ukimya ukae, akaongeza: "Na tusimsahau Thureya. Bila ile hina ya pili tusingefika popote. Mimi nilikuwa nimechungulia ghala la Idara, nikamwambia vikuku hivi vipya vinajifunza mpaka magharibi. Lakini kuzubaisha watu kwa hina! Hilo alilifikiria yeye."

Thureya alitazama chini.

Barke alikuwa amebeba mambo mengi kwa sababu aliamini ni ajali. Alijiambia hina haikukolea, mambo hutokea, hakuna aliyekusudia. Sasa alikaa juu ya gunia.

"Ulijua," alisema. "Ulinyoosha mikono wakupake tena, ukinitazama, na ulijua."

"Nilijua kitanasa," Thureya alinong'ona. "Sikujua ya jina lako. Naapa, ya jina sikuijua. Nilidhani utakivua tu useme mashine mbovu. Kila kitu wewe hukiweza, Barke. Toka tuko wadogo. Nikaona ukikivaa wewe, mambo yatapata njia."

"Yamepata njia. Njia yenyewe ni mimi."

"Mimi sina..."

"Huna mama. Najua huna mama! Ndiyo maana nikakugawia wangu, na leo kaketi nyumbani anashona sanda ya jina langu ili wewe ukae hapa ule mikate ukisema haina chumvi."

Thureya alianza kulia, na hakulia kwa madaha. Mwamba akanyoosha mkono amguse begani, Thureya akausukuma pembeni.

"Si mafua yake," alisema. "Si kiatu wala ishara. Ni mimi. Kila siku anasema twende na kila siku natafuta sababu. Nimekwenda mpaka ukingoni mara mbili. Nikitazama chini naona kanga ya mama. Miguu inakufa, Barke. Siwezi kwenda, na siwezi kurudi nikafungwa. Humu ndani angalau hakuna kitu."

Hapo ndipo jambo lilipokuwa gumu kweli. Hasira ni nyepesi kuibeba mbele ya mtu mwovu, na Thureya hakuwa mwovu. Alikuwa mwoga, mbinafsi kidogo, na alikuwa damu yake. Barke akisema kesho, Thureya anaweza kufungwa kikuku cha mlango mmoja maisha yake yote. Asiposema, Barke atakuwa mke wa mtu kwa jina la mtu, na mwanamke anayepanda nyavu kileleni asubuhi, yule aliyemngojea tangu utotoni, hatakuwepo hata mara moja. Hakukuwa na hesabu ya kuwaokoa wote wawili huku wote wakikaa walipo. Mmoja ilibidi asogee.

Akainama, akaanza kufungua viatu vyake.

Vilikuwa viatu vyake pekee, viatu vya nyavu, vyenye meno ya mpira chini yanayouma jiwe lililolowa. Shule huwapa wanaopita mtihani, na Barke hakuwa amewahi kuvipandia hata jiwe moja la kilele.

"Vaa."

"Da Barke, hivi ni..."

"Vaa, nimesema. Hivi havitelezi hata kwenye jiwe la birika. Usitazame chini, tazama mgongo wa huyu bwana, mgongo anao mpana, utamfaa kwa kitu. Kesho asubuhi Msajili atalisoma jina langu, na mimi nitaitika. Wakishanisikia, baragumu litalia, walinzi watateremka. Mna leo yote na usiku wote. Ukienda, utakuwa mbali. Usipokwenda, watakukuta hapa. Hilo utachagua wewe, mimi nimechoka kukuchagulia."

"Utaitika kweli?" aliuliza Thureya. Katika maisha yao yote alikuwa hajawahi kulazimika kuuliza hivyo.

"Kweli."

Thureya alivaa. Vilimpwaya, Barke akamjazia vitambaa vidoleni kama alivyokuwa akimfanyia wakienda shule, akamfunga kamba mafundo mawili.

"Vingine vyote niliachishwa," alisema akiwa bado amepiga magoti. "Hivi nimekupa."

Hakungoja kuona kama wataondoka. Angengoja, angekaa, na angekaa, angesamehe.

* * *

Uwanja wa Majina uko daraja la juu, mahali ambapo upepo wa kilele hupita bila kuzuiwa, na mawe yake asubuhi huwa ya baridi ya kukata. Watu walikuwa wamejaa. Hamdani alisimama kando ya Barke akiwa na kanzu yake ya harusi, kwa kuwa hakuwa na nyingine safi. Mbele, karibu na shimo dogo, akina mama wenye misiba walikuwa wamepanga mstari, na Bi Shemsa alikuwa wa mwisho, amekishika kile kitambaa kwa mikono miwili.

Msajili Fumo alikuwa mtu mnene aliyechoka, aliyesoma majina ya waliokufa kwa sauti ya mtu anayenadi vyungu. Alipofika la mwisho akakohoa.

"Barke binti Athumani. Jina hili lina moyo?"

Watu walimtazama Bi Shemsa.

"Jina hili lina moyo?"

Barke alijua mara ya tatu ndiyo ya kujibiwa. Aliona mabega ya mama yake yakipanda, yakikusanya pumzi, na hakujua ni pumzi ya kusema au ya kunyamaza. Hakutaka kujua. Alifunua uso.

"Linao. Ni mimi hapa."

Watu waligeuka wote kwa pamoja. Msajili alimwita mbele kwa kidole, akashika mkono wake, akakiweka kikuku kwenye bamba lake. Bamba likavuma.

"Thureya binti Salmini," alisoma Fumo, na uso wake ukaonyesha wazi kwamba hakuwa na subira ya mchezo. "Mke wa mwoka mikate. Bibi, hapa si mahali pa kufanyia mizaha. Kuna watu wamefiwa."

"Kikuku kinasema Thureya. Mimi nasema Barke. Nilikivaa kwa ajili ya hina, nilikuwa mpambe."

"Kwa ajili ya nini?"

"Hina, bwana! Waulize wanawake wote walio hapa, hakuna hata mmoja aliyewahi kuvaa kikuku hina ikiwa mbichi. Mmekaa miaka yote hamjauliza."

Mnong'ono ulipita kati ya wanawake, na ndani yake kulikuwa na kicheko kilichobanwa. Fumo aliona haya, na haya zikamfanya mkali.

"Neno la kikuku halipingwi na neno la mwenye kukivaa. Yuko hapa ndugu wa damu?" Akageukia mstari. "Wewe mama. Hili jina ni la mwanao. Mtazame huyu vizuri, ukijua kwamba jibu lako litaandikwa na halitafutwa. Ni nani?"

Hamdani alijongea hatua moja, akasimama, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza yeye. Bi Shemsa aliinua macho. Barke alimwona akipima: binti huyu hapa, binti yule sijui yuko wapi, neno moja tu la kusema. Alikuwa amelisema maisha yote na lilikuwa pale pale ulimini, mwachie mwenzio. Barke hakumsaidia. Alisimama tu akitazamwa, buibui likipepea, kuanzia kichwani mpaka chini.

Macho ya mama yakafika chini. Yakasimama hapo.

"Barke!" alifoka. "Umetoka miguu mitupu, na baridi yote hii? Utaumwa kifua, mtoto wewe! Viatu vyako viko wapi?"

Uwanja mzima ulisikia. Hata Fumo alisahau kufunga mdomo. Bi Shemsa alisikia pia, neno lake mwenyewe likimrudia kutoka kwenye mawe, na kwa muda alikuwa kama mtu aliyevunja chombo. Kisha Barke akamwona akielewa kuhusu viatu, vimekwenda wapi na kwa nini. Machozi yalimtoka. Alitembea mpaka alipo mwanawe, akatandaza kile kitambaa cheupe kwenye mawe, uzi mweusi juu.

"Kanyaga hapa," alisema. "Kanyaga, mguu upate joto." Akamgeukia Msajili. "Andika. Huyu ni Barke. Nimemzaa mimi."

Barke alikanyaga jina lake kwa miguu miwili, akaufungua moyo wake kwa mdomo wake kama sheria inavyotaka. Kikuku kikabofya, kikaachia. Ngozi ya chini yake ilikuwa imepauka na kulainika, na upepo ulipoipiga ilimwasha. Mambo mengine yalikuwa yanakuja, aliyajua: maswali ya Idara, Shule ya Nyavu ambayo huenda isimtake tena, tanuri la Hamdani. Aliyaona yote yamepanga foleni. Angalau yalikuwa yanamngoja yeye, kwa jina lake.

Fumo akamwashiria mlinzi wa mnara. Baragumu likalia, likajibiwa na la daraja la chini, na la chini yake, mpaka mlima wote ukavuma. Wanaume wenye mbwa walianza kukimbia kuelekea njia ya Bondeni.

Barke alimshika mama yake mkono. Wote wawili walitazama upande uleule, kule ukingoni, ambako asubuhi hiyo hakukuwa na ukungu hata kidogo.

"Kimbia basi, mjinga wewe," Barke alisema kwa sauti ya chini. "Mengine yote nilikufanyia mimi. Hili moja lifanye mwenyewe. Kimbia."